Unga Kwenye Paji la Uso

Picha ilikutwa Jumamosi alfajiri, imetumwa na namba ngeni kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki wa Anwari, mwimbaji anayependwa Newala nzima. Mwili uchi wa mwanamke asiyejulikana, umebandikwa kichwa cha Stamili, msusi wa sokoni. Kosa lake? Jana yake aliandika kundini kwamba wimbo mpya wa Anwari umepoa kama uji wa juzi.

Mpaka adhuhuri wakwe zake watarajiwa wa Tandahimba walishatuma ujumbe: posa imesimama.

"Nurdin huyo," watu wakasema. Nurdin ni mtani wa Stamili, humchamba kundini kila siku. Swaumu, msimamizi wa kundi, alishamtoa.

Mama Dadi, mwenye mgahawa ambao umbea wote wa mji hupitia, akamwita Nurdin.

"Ni wewe?"

"Mama, nikimwita Stamili Ndoo Tupu, namwita mbele ya mama yake. Mtani ajifiche nyuma ya namba ngeni? Utani gani huo!"

Mama Dadi akaitazama tena ile picha. Kwenye paji la uso pana unga mweupe. Akaenda kwa Stamili, aliyejifungia chumbani.

"Unga huu ulipakwa wapi?"

"Chilangala, ndani ya unyago wa mdogo wangu," Stamili akajibu nyuma ya mlango. "Tulinawa kabla ya kutoka."

Jioni mgahawa ulifurika. Swaumu akaingia.

"Shikamoo, Mama Dadi. Masikini Stamili!"

"Marahaba. Kaa. Unyagoni mwanamume haingii, na Stamili anasema simu zote ziliachwa kapuni mlangoni. Nani alilinda kapu?"

Swaumu akakoroga chai isiyo na sukari.

"Wewe. Ni wewe tu uliyeweza kuingia na simu. Tena maneno ya Stamili uliyafuta papo hapo. Uchafu huu ukauacha mpaka mchana, kila mtu ashibe."

"Anwari ameniahidi kuja kuzindua wimbo hapa!" Swaumu akafoka. "Akikuta kundi linamponda, atakuja? Akiaibika mmoja, wengine wanafunga midomo."

"Kwa hiyo ukatoa nje ya unyago uso wa mwenzio, ukaushonea uchi?"

Mwanamke aliyekaa kimya pembeni akainuka. Alikuwa shangazi wa mchumba wa Stamili; Mama Dadi alimwita makusudi kutoka Tandahimba. Akatema mate chini.

"Huyu mpelekeni polisi. Mimi nipelekeni kwa mkwe wangu."

Mlangoni kwa Stamili, Nurdin ndiye aliyegonga.

"Ndoo Tupu, fungua! Una wageni!"

Komeo likalia.

"Tupu kichwa chako, Nurdin. Na wimbo bado umepoa."