Dawa ya Prosesa na Lawama ya Mama Mkwe

Jirani zangu, na ninyi mnaonisoma mkiwa mbali, nipeni sikio. Nitakayosema yalitokea katika nyumba inayopakana na yangu, na mwenye nyumba mwenyewe amenipa ruhusa. Aliniambia, "Waeleze wewe. Nikieleza mimi, nitajipunguzia makosa." Basi nawaeleza mimi.

Ilikuwa nyumba tulivu. Ukipita dirishani asubuhi ungesikia wimbo wa harusi ukikatizwa, ukirudiwa, ukikatizwa tena. Huyo ni mke wa nyumba yuko kazini. Kazi yake ni kuhariri video za sherehe na misiba, naye alifanyia kazi hiyo sebuleni, kwenye kompyuta kubwa iliyokaa juu ya meza kama mgeni wa heshima. Sisi majirani tulimbandika jina la Mama Harusi. Mama yake mzazi alikuwa akiishi nao tangu alipofiwa na mumewe. Bibi huyu hakuweza kukaa bure. Alikunja nguo, alifagia, na akikosa la kufanya alipangusa vitu vilivyokwisha kupanguswa.

Mume alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Mtaani tulimwita Injinia. Tulianza kwa utani, siku alipomrekebishia mtu antena, lakini jina likamkaa, naye akalikalia. Ukimwita hivyo njiani alitembea kifua mbele hadi kona.

Kisha kompyuta ikaanza kuugua. Feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga, na mara kwa mara ilijizima katikati ya kazi. Wakati huo Mama Harusi alikuwa na kazi nzito mkononi: video ya kumbukumbu ya mkunga mmoja mzee aliyefariki. Watoto wa marehemu walikuwa wamekusanya picha na sauti zake za miaka mingi, na siku ya kumbukumbu walikuwa wamewaalika watu ambao mama yao aliwapokea duniani. Si kazi ya kuchezea.

"Joto limezidi," mke alisema. "Nitaipeleka kwa fundi."

"Fundi wa nini, na mimi nipo?" Injinia akajibu. "Hiyo ni dawa ya prosesa tu, imekauka. Nitaibadilisha mwenyewe."

Hapo alisema kweli, tusimwonee. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na ikifanya kazi hupata moto sana. Juu yake huwekwa bati nene la kuvuta joto, na kati ya hivyo viwili hupakwa dawa laini ili joto lipite vizuri. Dawa hiyo ikikauka, ubongo unachemka. Tatizo alilijua. Asilolijua ni dawa ipi inafaa, na ipakwe vipi. Na kuuliza, ndugu zangu, ndiko kulikomshinda.

Dukani alikuta watu wamejaa, na wawili watatu wa mtaani wakamsalimia kwa jina lake la sifa. Muuzaji, mwanamke asiye na maneno mengi, akamwekea mbele aina mbili.

"Hii ya kijivu ndiyo wanachukua wengi," alisema. "Unaweka kiasi cha punje ya mchele, unafunga, basi. Hii nyingine ni metali ya majimaji. Inapoza kuliko zote, lakini inapitisha umeme, ikimwagika pembeni unaunguza kila kitu. Halafu inakula alumini. Bati lako ni la shaba au la alumini?"

Injinia hakujua. Hakuwahi hata kulitazama. Nyuma yake watu walikuwa wanasikiliza. Angesema, "Ngoja nikaangalie nyumbani," nani angemcheka? Pengine hakuna. Lakini alisema, "La shaba, dada. Nipe hiyo kali. Mimi si mtoto."

Nyumbani alifungua kompyuta, akafuta dawa ya zamani kwa pindo la shati, akamimina ile mpya iliyong'aa kama zebaki. Kiasi kidogo hakikumridhisha, akaongeza. Akaisambaza kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, akafunga, akawasha.

Kimya. Feni haikunguruma hata kidogo. Mama Harusi alimkumbatia, na mama mkwe akasema, "Mwanangu umeolewa na mtu wa kazi." Injinia alivimba kichwa siku hizo mpaka sisi majirani tukamchoka.

Furaha hiyo haikufika mbali. Asubuhi moja mama mkwe alipangusa meza ya kompyuta kwa kitambaa chenye unyevu, kama alivyofanya siku zote. Muda mfupi baadaye binti yake akabonyeza kitufe cha kuwashia. Hakuna taa, hakuna sauti. Akabonyeza tena na tena, kisha akaketi chini na kushika kichwa.

"Toka kidogo nje upate hewa," mumewe akamwambia. "Niachie mimi."

Alipofungua, alikiona mara moja alichokifanya. Ile dawa ilikuwa imechuruzika pembeni ya prosesa, vitone vya rangi ya fedha vimetapakaa juu ya saketi, zile njia za umeme. Bati, ambalo kumbe lilikuwa la alumini, lilikuwa limeliwa. Alipoligusa lilimong'onyoka kama biskuti iliyolowa chai. Aliyakumbuka maneno ya yule muuzaji, neno kwa neno. Akasikia hatua za mkewe zinarudi, akafunika haraka.

"Umeona nini?"

Injinia akajibu, "Naona kama kuna unyevu umeingia."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Kitambaa bado alikuwa nacho mkononi. "Ni mimi," alisema polepole. "Nilipangusa meza. Jamani, ni mimi."

Injinia hakusema, "Ndiyo, ni wewe." Ila wala hakusema, "Hapana, mama." Alijitia kutafuta bisibisi chini ya meza. Na mimi nawaambia, ukimya ule ulikuwa uongo mkubwa kuliko yote aliyowahi kuyasema mtu huyo.

Mama Harusi hakumfokea mama yake. Alisema tu, "Mama, si nilikuomba uiache hiyo meza?" Basi. Lakini tangu hapo bibi yule alibadilika. Aliacha kufagia. Akiletewa chai, alingoja mtu amshikie kikombe, akihofia atakimwaga. Ungemkuta ameketi mkekani, mikono ameificha ndani ya khanga kama mtu anayesikia baridi. Alianza kusema atahamia kwa mwanawe wa kiume, "kabla sijawaharibia kingine." Injinia aliyaona hayo yote. Kila siku aliazimia kusema, na kila siku alisema atasema kesho.

Ikabidi Mama Harusi aende kwa binti mkubwa wa marehemu mkunga kumweleza kuwa kazi imekwama, na kwamba haijulikani kama picha zimepona. Mama yake akang'ang'ania kwenda. "Kosa ni langu, nitaliombea radhi mwenyewe." Injinia akaandamana nao, maana angebaki nyumbani kwa sababu gani?

Walikaribishwa sebuleni. Picha ya marehemu ilikuwa ukutani, imewekewa maua. Kabla mtu hajaeleza lolote, yule bibi alishuka kitini, akapiga magoti sakafuni mbele ya mwanamke aliye rika la binti yake.

"Mwanangu, nimemharibu mama yako. Nisamehe. Nimezeeka, mikono hii haina akili tena."

Injinia alitamani ardhi ipasuke immeze. Hapo ndipo kitu kilipovunjika ndani yake.

"Mama, inuka," alisema. "Inuka, tafadhali. Hukufanya kitu. Ni mimi."

Akayatoa yote: duka, swali la muuzaji, jibu lake la uongo, bati lililoliwa, na ule unyevu aliouzusha. Mkewe alimtazama kama anayemwona mgeni. Binti wa marehemu alimwinua bibi, akamketisha, akamfuta vumbi magotini. Kisha akamgeukia Injinia.

"Na ulimwacha mama akaja mpaka hapa?"

Injinia aliniambia kwamba swali hilo bado linamjia hata leo, akiwa kazini, ameinama kusoma mita ya mtu.

Mama Harusi alimshika mama yake mkono wakaondoka. Injinia aliwafuata nyuma, mbali kidogo, kama mtu asiyejuana nao. Watu wakamsalimia, "Injinia, vipi?" Hakuinua uso.

Jioni alikwenda kumwomba radhi mama mkwe. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba, ungeninong'oneza tu kwamba ni wewe, ningekusitiri. Kosa la mashine ningelibeba nikijua ni lako, maana wewe ni mwanangu. Lakini uliniacha nikaanza kuiogopa mikono yangu mwenyewe. Hilo limeniuma."

Fundi alitoa diski, inayohifadhi kazi zote, kwenye ile kompyuta iliyokufa, na picha za mkunga zikakutwa salama. Mama Harusi alimalizia kazi kwa mhariri mwenzake, na siku ya kumbukumbu watu walilia na kucheka. Hayo yaliponywa. Bibi alihamia kwa mwanawe hata hivyo. Hakununa wala hakugomba, alisema anataka kupumzika. Injinia alimfuata huko mara nyingi, na kila mara alirudi peke yake. Mwishowe bibi alirejea, kwa wakati alioutaka yeye, na sasa ameanza tena kujimiminia chai.

MAFUNZO

Wenzangu, kutojua si aibu. Mtu yule angeuliza dawa ipi inafaa bati lake, au angesema tu "sijui", angerudi nyumbani na heshima yake nzima. Usijibu swali usilojua jibu lake kwa sababu watu wanakutazama. Na ukiharibu, sema mapema, sema wewe mwenyewe, kabla mtu asiye na hatia hajaanza kujilaumu. Kompyuta iliyoungua hununuliwa nyingine. Mzee uliyemfanya ajione mzigo ndani ya nyumba ya mwanawe, huyo utamrudisha kwa shida sana, na huenda usimrudishe mzima.