Kamba ya Fundi Visima

Kisima namba nne hupimwa jioni. Pampu ikiwa inavuta, maji hushuka, na kipimo kinakuwa cha uongo. Kwa hiyo mlinzi huizima saa nane mchana, maji yanaachwa yatulie kwa saa nne, ndipo mpimaji anakuja.

Mpimaji ni mimi.

Jioni ile nilikuwa na daftari, tochi na utepe wa mita mia moja wenye kengele ndogo inayolia ncha ikigusa maji. Bosi alitaka kipimo mezani kwake asubuhi, kwa sababu wenye jumba la kompyuta walikuwa wameomba pampu ya pili.

"Umechelewa, binti Fundi," mlinzi alisema akifungua geti.

"Dakika mbili tu, mzee."

"Dakika mbili? Miezi minne sijakuona. Nikasema huyu ameshaolewa."

"Nani aoe mtu anayenuka tope?"

Alivimulika viatu vyangu. "Tope liko wapi? Hilo vumbi la ofisini."

Nilicheka. Moyoni hapakucheka mtu.

Ni kweli sikuja miezi minne. Mwezi wa kwanza gari la ofisi liliharibika, nikaketi mezani nikaandika 21.36, kipimo cha mwisho nilichopima kwa mkono wangu. Mwezi wa pili gari lilipona, mimi sikupona uvivu. Nikaandika 21.38. Kisha 21.35. Kisha 21.37. Nilikuwa nabadilisha tarakimu ya mwisho ili ionekane ina uhai.

Kwa vipimo hivyo jumba lile liliruhusiwa kuendelea kuvuta maji. Ndani yake mna kompyuta elfu kadhaa zisizolala. Zinahifadhi picha za watu na kujibu maswali yao, na bila maji ya kuzipooza zinaungua. Visima vya mtaani kwetu vilipoanza kukauka, jirani mmoja aliiuliza simu yake sababu ni nini. Simu ikamjibu vizuri, kwa adabu, kwa maji yetu.

Baba yangu alikuwa Fundi Visima. Hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Alichimba kwa mkono, kwa jembe fupi, akishuka kwa kamba aliyoipiga fundo kila mita. Akiwa chini hakupiga kelele, maana sauti hupotea kisimani. Alivuta kamba. Mara moja: pandisha ndoo. Mara mbili: legeza. Mara tatu: nitoe. Na aliye juu akivuta mara moja, maana yake: nipo. Mimi nilianza kuishika kamba ile nikiwa na miaka tisa.

Kisima chetu cha uani kilikuwa cha mita ishirini. Kilipokauka, katika miezi hiyo minne, baba alinifuata jikoni.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye vipimo. Maji yako wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Neno moja tu.

"Yapo karibu, baba. Ishirini na moja na kidogo."

Alichimba hadi ishirini na mbili. Pakavu. Ishirini na nne. Pakavu. Alikuwa ameniamini, kwa hiyo alifikiri kosa ni la jembe lake. Kwenye mita ya ishirini na sita hewa ilikuwa mbaya. Mama ndiye aliyekuwa ameshika kamba. Kamba ilivutwa mara tatu. Akavuta kwa nguvu zake zote, na kamba ikaja nyepesi.

Walimtoa kesho yake, tukamzika. Mtaa ukatafuta mchawi, ukampata: mjane mmoja mfuga kuku, aliyewahi kugombana na baba juu ya ukuta. Walimfukuza kwa mawe, kuku wake wakabaki wanazurura barabarani. Mimi nilisimama mlangoni na shahada yangu ya elimu ya maji, nikatazama. Nilimjua mchawi. Alikuwa anatumia kalamu ya bluu.

Sasa nilifungua mfuniko wa kisima namba nne.

Harufu ilinipiga usoni. Udongo mbichi... na mafuta ya taa. Baba alikuwa akitanguliza kibatari shimoni kuijaribu hewa. Kikizimika, hashuki. Siku ile ya mwisho kilizimika. Alisema ni upepo, maji yako karibu.

Nilishusha utepe. Kumi. Ishirini. Ishirini na moja nukta tatu sita.

Kimya.

Thelathini. Arobaini. Kwenye 51.52 kengele ililia, kasauti kembamba, kama mbu. Maji yalikuwa yameshuka mita thelathini. Niliandika haraka, 51.52, nikapigia mstari mara mbili.

Kengele ikanyamaza yenyewe.

Kisha utepe ukavutwa.

Mara moja tu. Nikasema umenasa kwenye bomba. Shimo lile lina upana wa inchi sita. Kichwa cha mtu mzima hakipiti.

Ukavutwa mara mbili.

Na mkono wangu... mkono wangu ulilegeza. Sikuuamuru. Ulilegeza mita moja, kama nilivyofundishwa.

Chini kabisa nikasikia jembe. Kwi... kwi... kwi... Likaacha.

Mvuto wa kwanza.

Wa pili.

Wa tatu.

Nilivuta. Utepe ule haubebi hata kilo kumi, lakini ulibeba. Arobaini na tano. Thelathini na nane. Kilichokuwa upande wa pili kilikuwa kizito na kilikuwa kinahema. Nikafika ishirini na mbili. Nikaona tarakimu zikipita chini ya tochi, moja moja.

Ukakwama.

Nilivuta hadi viganja vikachanika. Haukupanda hata unywele. Nikamulika ukingoni mwa shimo, pale ninaposomea.

21.36.

Ilikuwa kana kwamba pale pana kifuniko. Na chini ya kifuniko, mtu anakigonga taratibu kwa kiganja, bila hasira.

Alikuwa anasubiri nivute mara moja. Nipo. Hilo tu.

Niliachia. Utepe ukaporomoka wote, na kigurudumu chake kidogo cha kuuzungushia kikaufuata shimoni.

Mlinzi alikuwa nyuma yangu. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Na wewe amekuvuta?" alinong'ona.

"Nani?"

"Mimi huzima pampu tu, binti yangu. Lakini ikizimwa... huwa nasikia mtu anachimba."

Asubuhi niliingia kwa bosi na daftari langu. Nilikuwa nimeamua. Nilimwambia yote, miezi minne, namba moja baada ya nyingine.

Hakuinua macho. "Kipimo cha jana kimeshaingia."

"Nani ameingiza?"

"Programu mpya. Siku ya kupima ikiisha bila kipimo, inakadiria yenyewe kwa kufuata vya nyuma. Imejifunza kwako, mdogo wangu. Wenzako wote vipimo vyao vinarukaruka, vyako vimetulia." Alinigeuzia kioo cha kompyuta yake. 21.36. "Pampu ya pili imepita."

"Lakini nilidanganya, dada!"

"Punguza sauti."

"Maji yako hamsini na moja."

Aliandika 51.52 mbele yangu, labda kwa kunionea huruma. Mashine ikaipaka rangi nyekundu: kosa la mpimaji.

Siku hizi pampu mbili za kisima namba nne hazizimwi kabisa. Programu haihitaji maji yatulie. Mlinzi ananiambia ni afadhali, hasikii kitu.

Mama nilimsimulia nusu, usiku uleule niliotoka kisimani. Aliuliza moja tu.

"Alivuta mara ngapi?"

"Tatu."

"Ukamjibu?"

Nikatazama viganja vyangu vilivyochanika. Akageukia ukutani.

Tangu hapo, kila jioni saa kumi na mbili, mama anakaa kwenye ukingo wa kisima chetu kikavu na kamba ya baba mkononi. Anavuta mara moja. Anasubiri. Nilidhani ni huzuni, nikamwacha.

Jana aliniita.

"Njoo ushike," alisema. Viganja vyake vilikuwa vinatoka damu. "Mimi nimeishiwa nguvu. Shika wewe uliyesoma."

Niliishika. Ilikuwa nzito, na ilikuwa inatikisika kidogo kidogo, kama kamba yenye mtu. Nilivuta mara moja: nipo. Ikajibu mara tatu. Nikaivuta, ikapanda vizuri, fundo baada ya fundo, mama akilia pembeni na kuniambia vuta, vuta mwanangu, anakuja.

Ikakwama.

Kwa mafundo yaliyokwisha kupanda, nilihesabu yaliyobaki shimoni. Ishirini na moja, na kipande kisichofika nusu.