Mume Wangu Alipanda Ndege kwa Hesabu Yangu

Nina miaka ishirini na sita, batoto wawili, na mume anayenipa mgongo kila asubuhi nikimwekea chai. Tunakaa Kamembe. Naandika haya nikiwa na hasira, sitaificha. Mukikuta maneno makali muyavumilie, maana nimeyameza miaka mingi.

Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia kule zamani. Nilisoma kulekule mpaka nikapata diploma ya sekondari, upande wa hesabu. Jiometri ndiyo ilikuwa furaha yangu... Wenzangu wanakariri nyimbo za Kinshasa, mimi nachora duara! Baada ya vita vya hapa tukarudi nyumbani, nami nikaolewa na Faustin, mwalimu wa shule ya msingi huko Nyakarenzo. Muntu mpole, mwenye mwandiko mzuri.

Nilikuwa na mimba ya miezi nane wakati mwalimu wangu wa zamani, Papa Bahati, alipovuka daraja la mpakani, Rusizi II, kuja kunitafuta. Alisema huko Ulaya kuna programu ya utafiti wa hesabu, ya jiometri na topolojia, inayokusanya watu wa mataifa mengi kwa mwaka mzima. Topolojia, kwa asiyejua, ni elimu ya maumbo unayoweza kuyavuta na kuyapinda lakini si kuyakata. Walikuwa wametenga nafasi kwa vijana wa nchi zilizopigwa na vita, hata wale ambao hawakufika chuo kikuu. Walitaka jibu la swali moja tu.

Swali lenyewe: funga fundo kwenye kamba, kisha unganisha ncha zake mbili ziwe kitu kimoja. Thibitisha kwamba hakuna namna ya kulifungua bila kukata. Thibitisha! Si kujaribu mara elfu ukachoka.

Papa Bahati alinipa karatasi ya swali hilo mbele ya mume wangu. Akaniambia, "Binti yangu, hii ni ya kwako. Usiiache."

Nikajifungua Aline. Kwetu mzazi hatoki nje mpaka siku ya nane, mtoto anapopewa jina. Basi niko ndani, nimelala, na mama mkwe anasuka vikapu pembeni yangu kwa nyuzi nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nilitazama zile nyuzi siku tatu... Halafu nikaomba penseli.

Nilichora fundo, nikalipa rangi tatu kwa sheria moja. Kila mahali kamba inapojipita juu, vipande vitatu vinakutana, kimoja juu na viwili chini: viwe vyote vya rangi moja, au kila kimoja na rangi yake. Nikaona kwamba uivute kamba, uipinde, uigeuze unavyotaka, sheria inabaki na rangi tatu zinabaki. Lakini kamba isiyo na fundo inakubali rangi moja tu. Basi fundo lile haliwezi kamwe kugeuka kamba tupu! Nililia kwa furaha, mtoto akiwa ananyonya.

Hiyo ilikuwa siku ya tano. Kesho yake padri wa paruwasi alikuwa anakwenda Kigali na barua za watu, na muda wa programu ulikuwa unaisha. Mimi siwezi kutoka. Karatasi zangu ni za penseli, zimechafuka maziwa. Faustin akacheka. "Leta nikuandikie. Mwandiko yako iko kama miguu ya kuku, Bazungu batazani ni kuku ndiyo inaomba nafasi."

Nikacheka na mimi. Tuliosoma huku tunajua: jibu la penseli si jibu mpaka liandikwe upya kwa biki. Nikampa zote. Jina langu halikuwa juu yake... Nani anaandika jina kwenye karatasi chafu?

Miezi mitatu baadaye jibu likaja. Limekubaliwa! Na jina lililoandikwa ni la Faustin.

Nilimuuliza kama ni makosa ya kule. Hakunitazama. "Ungeenda namna gani na mutoto wa kunyonya? Niliweka jina ya mwenye anaweza kwenda." Mama mkwe akaongeza kwamba bwana akipanda ndege, bibi naye amepanda. Mimi sikuhisi kupanda kitu!

Nikasema nitakwenda Bukavu kwa Papa Bahati, maana ndiye shahidi wangu peke yake. Lakini vita vilikuwa vimewaka upande ule. Mpaka ukafungwa, mabomu tunayasikia tukiwa jikoni. Ulipofunguliwa, wamama wa biashara wakaniletea habari kwamba Papa Bahati ameuawa njiani akikimbia na watu wa nyumba yake. Nilimlilia kama binti anavyomlilia baba. Na nililia pia kwa sababu sasa hakuna aliyejua.

Faustin akaondoka. Sikumsindikiza.

Haikupita miezi miwili, barua. Sikujua nicheke au nitapike. "Maman Aline, bananisimamisha kwa ubao, banauliza sababu gani rangi tatu, si mbili. Jibu mbio, haya inaniua."

Wasomaji, mungefanya nini? Nikinyamaza, anafukuzwa, na ukoo wote unasema nimemroga. Nikijibu, ninajifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijibu. Nikamwandikia kwamba vipande vinavyokutana ni vitatu, na kwa rangi mbili huwezi kamwe kuvifanya vyote vitofautiane. Kisha ikaja barua nyingine, na nyingine... Mtoto mkono mmoja, penseli mkono wa pili. Wakamwongezea mwaka! Na katika barua zote hizo hakuuliza hata mara moja kama Aline ameanza kutembea.

Barua ya mwisho ilileta fundo jipya, gumu zaidi, lenye mapishano manne. Pale rangi tatu zinagoma. Nililifikiria wiki sita nikilima Rwimbogo kwa shangazi yangu. Niliacha rangi, nikatumia namba, sifuri mpaka nne, na likakubali. Safari hii niliandika jina langu juu kabisa, nikaeleza yote tangu mwanzo, kwamba ule mwandiko mzuri ni wa mwizi, nikatuma kwenye programu yenyewe. Faustin sikumtumia hata nukta.

Walimsimamisha kwenye ubao na fundo lile. Alishika chaki, akanyamaza mpaka wenyewe wakamwambia akae. Mwezi haukuisha, amerudi nyumbani.

Na mimi nikapata barua! Tunakuamini, walisema. Njoo, nafasi inakungoja.

Nilikimbilia ofisi ya pasipoti. Mwanamke mwenye ndoa, wakaniambia, alete karatasi ya mume ya kumruhusu.

Nikaiweka mbele ya Faustin pamoja na biki. Aliisukuma kando. "Ulisema mwandiko yangu ni ya mwizi," akasema. "Basi haitaandika tena."

Ndugu zake wakaja, wakaniambia nimekula mukate ya batoto wangu. Mama yangu mzazi naye akaniambia nikae, nivumilie, mume aliyeaibika ni kidonda. Vita vya pili vikaanza ng'ambo, daraja likafungwa tena, na mimi nikajikuta na mimba ya pili. Ilikujaje? Musiniulize. Tunalala chumba kimoja, na mlango ufunguo wake anao yeye.

Programu walingoja, wakaandika, wakangoja tena. Mwisho wakasema kwa upole kwamba nafasi imepewa muntu mwingine.

Wadada zangu, mimi nilidhani mwizi anakuja kutoka nje. Kumbe nilimpa mwenyewe, nikicheka, kwa sababu anaandika vizuri! Mukiwa na kitu mulichokitoa kichwani mwenu, kiandikeni jina kikiwa bado kichafu. Mukipeleke kwa miguu yenu. Kama mumelala wagonjwa, barua ichelewe, nafasi ipite, mutaomba nyingine mukiwa na mikono mitupu lakini huru. Mimi nilikuwa na haraka ya siku tatu, na nimekaa humu miaka.

Kama karatasi yako bado iko mkononi mwako, usiitoe.