Bibi Wawili wa Wodi Moja

Afisa alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha mgonjwa, viatu vyake sakafuni, macho darini. Mwenye kitanda alikuwa amepelekwa kupimwa.

"Pole kwa uchovu, dada," mfagiaji alimtania. "Kazi yenyewe kutembea na kutazama, na bado miguu inauma?"

Manesi wawili wakacheka. Afisa naye akacheka, lakini hakuamka. Alitaka kuona anachokiona mgonjwa. Aligeuza kichwa huku na huku. Karatasi ya dawa ilining'inia miguuni, nyuma ya chuma cha kitanda. Mgonjwa hawezi kuiona hata akijinyoosha vipi.

Kazi yake iliitwa usalama wa wagonjwa. Alitafuta mambo yanayoweza kumdhuru mgonjwa ndani ya hospitali: sakafu yenye maji, dawa zinazofanana chupa, kitanda kisicho na kizuizi. Zamani alikuwa nesi wa wodi hiyohiyo. Tangu abadilishe kazi, wenzake walimpa jina jipya: Kamera.

Juzi lilikuwa limetokea jambo. Bibi wa kitanda cha mlangoni alimezeshwa dawa ya kushusha sukari. Dawa ile ilikuwa ya bibi wa kitanda cha dirishani. Huyu wa mlangoni hakuwa na ugonjwa wa sukari. Baada ya muda akaanza kutoka jasho na kutetemeka. Bahati njema mgonjwa wa jirani alipiga kelele. Daktari akaja mbio, bibi akatiwa maji ya sukari mshipani, akapona.

Nani alitoa dawa ile? Kila aliyeulizwa alisema hakumbuki.

Saa ya chai, afisa aliingia chumba cha mapumziko. Mazungumzo yakakatika kama uzi. Mmoja akakumbuka kwamba ana mgonjwa. Mwingine akakumbuka simu. Vikombe vikabaki mezani vikifuka moshi, na afisa akanywa chai yake akitazamana na viti.

Jioni alirudi nyumbani. Alipanga chumba kimoja, ukuta kwa ukuta na shoga yake, nesi wa wodi ile. Walisoma pamoja, wakaajiriwa pamoja, wakapika kwenye sufuria moja miaka mingi. Siku hizi kila mmoja alikuwa na kisufuria chake. Afisa alisikia redio ya mwenzake kupitia ukutani. Hata alipomsikia akipiga chafya, afisa alisema "Afya!" peke yake, kwa sauti ya chini.

Akachukua ndoo, akatoka. Shoga yake alikuwa bombani akifua sare.

"Maji yapo, shoga?"

"Yapo." Akafua kwa nguvu zaidi. Kisha akaitupa sare ndani ya beseni. "Usinizunguke kama mwewe. Unataka kujua nani. Ni mimi! Haya, nenda kaandike."

Afisa akaigeuza ndoo, akaikalia.

"Sikuja kuuliza nani. Ilikuwaje?"

Shoga yake aliacha kufua. Povu lilikuwa likimkauka mikononi.

"Nilisimama katikati ya vile vitanda viwili. Nikasema, 'Bibi, dawa yako ya sukari hii.' Yule wa mlangoni akaitika, 'Ahsante, mjukuu wangu,' akanyoosha mkono. Sasa nimuulize mtu mzima jina lake, kama askari? Si utovu wa adabu huo?"

"Wodi nzima tunawaita hivyo. Bibi, mama, dada."

"Watanifukuza?"

"Mganga mkuu ndiye mwenye uamuzi. Lakini nitamwambia ninavyoona. Wewe ukiondoka leo, kesho atakuja nesi mwingine. Naye ataita 'Bibi', na bibi mwingine ataitika."

Shoga yake akajifuta macho kwa kiwiko. Afisa akainuka kwenye ndoo. Shoga yake akamjazia, akaisogeza kwake.

Asubuhi, afisa aliketi kando ya bibi wa mlangoni.

"Bibi, mbona uliitikia dawa isiyo yako?"

"Mjukuu wangu, mtoto wa watu ameniita kwa heshima, nimnunie? Tena yeye ndiye aliyesoma. Nilijua anajua."

"Kuanzia leo, ukiletewa dawa uliza: ni dawa gani, na ni ya nini? Hutakuwa umemkosea mtu adabu."

"Hata daktari?"

"Hata daktari."

"Basi mtanikoma," bibi akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Mganga mkuu alimsikiliza afisa, akamwita nesi. Alimkanya kwa kuficha kosa lake, lakini hakumfukuza. Siku hiyohiyo wodi ikapata utaratibu mpya. Kila mgonjwa alifungwa mkanda mkononi, wenye majina yake yote na namba yake. Kabla ya kutoa dawa, nesi husema, "Bibi, nisaidie, unaitwa nani kwa majina yote?" Hamtajii jina ili aitikie, mgonjwa hulitaja mwenyewe. Kisha nesi husoma mkanda na karatasi ya dawa. Visipolingana, dawa haiendi mdomoni, hurudi kwenye toroli.

Heshima ilibaki palepale. Bibi wa mlangoni alitaja majina yake mpaka ya babu wa babu yake, na wodi nzima ikamsubiri amalize.

Lakini saa ya chai, viti viliendelea kutazamana na afisa.

Alasiri moja alikuwa ofisini akiandaa mikanda ya wodi ya wanaume. Mlango wake aliuacha wazi kila siku, ingawa hakuna aliyeingia. Leo kivuli kikasimama kizingitini.

"Kamera," shoga yake akaita.

"Abee."

"Leo nusura nikosee tena. Mama wawili, wote wameitika. Nilipomuuliza mmoja majina, hayakulingana na karatasi. Sikumpa." Akavuta kiti. "Hakuna aliyeniona. Nimeona nije mwenyewe, tupange vile vitanda upya."

Afisa akasogeza mikanda kando, akampisha mezani.

"Hii kazi yako, mtu huipataje?" shoga yake akauliza.

"Mimi nilianzia uuguzi pamoja na wewe, si unajua. Wengine hutokea famasia au maabara. Halafu kuna mafunzo yake. Lakini kazi yenyewe inataka mtu anayeweza kusikiliza, na kunywa chai peke yake."

Shoga yake akatazama sakafu. Kisha akatazama rundo la mikanda. Nusu yake ilikuwa bado tupu.

"Hii haiishi leo."

"Haiishi."

"Basi iache mpaka kesho, nitakusaidia nikitoka zamu. Twende. Asubuhi niliitoa ile sufuria yetu kubwa."