Udongo Unaokumbatia Mbolea

Asubuhi ile nilikuwa nafuta mabuti ya Baba. Nayafuta kila Jumamosi, ingawa hayavaliwi. Yako pale pale mlangoni alipoyaacha. Udongo wa kwetu ni mweusi na mwepesi. Upepo ukipita, vumbi linaingia mpaka ndani ya mabuti. Kwa hiyo nafuta.

"Utayatoboa hayo," Mama alisema kutoka jikoni. "Njoo tumwage mbolea, kesho tunapanda."

Mama alibeba ndoo ya mbolea ya kupandia. Alichota kwa kiganja, akarusha kulia, akarusha kushoto, kama anayelisha kuku. Ndivyo Baba alivyokuwa anafanya. Hata kunyoosha mgongo, Mama alisimama mahali pale pale Baba alipokuwa anasimama.

Zamani tulilima bondeni, kwenye udongo wa kichanga. Mbolea ikimwagwa vile, maharage yalijaa. Tulipohamia huku juu, karibu na mlima, Baba alifurahi sana. "Weusi wote huu! Hapa hata mpini wa jembe utaota majani." Lakini misimu miwili mfululizo maharage yalidumaa. Baba akaenda mbali kutafuta kazi. Siku ya kuondoka alisema, "Udongo huu mvivu umenishinda. Shamba likikubali, niambieni nirudi."

Mjomba naye alishasema: msimu huu ukishindikana, tuhamie kwake. Mama alikubali. Mimi sikusema kitu, mimi si msemaji. Ila nilikuwa nawaza, Baba akija atagonga mlango gani?

"Hodi hapo!"

Alikuwa jirani yetu mpya, mwanamke aliyepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Kazi yake ni kupima udongo, kwa hiyo tunamwita Mpimaji. Wiki hiyo alikuwa anazunguka mashambani na chuma kirefu cha kutobolea ardhi.

"Karibu," Mama alisema. "Toboa, ila usinivunjie matuta."

"Asante. Lakini dada, hiyo mbolea unaiweka au unaitupa?"

"We nawe! Ndivyo anavyofanya mwenye shamba."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Mama aliinama kuchota mbolea. Mpimaji aliyaona mabuti mlangoni. "Nisamehe, dada," alisema. Akanigeukia. "Binti, njoo nikuonyeshe kitu."

Alizungusha chuma mpaka kikazama. Alipokitoa, akaniwekea udongo kiganjani. "Fikicha."

Nilifikicha. Mwanzo ulikuwa kama umekazana. Halafu ukalegea, ukatoa maji.

"Unateleza," nilisema.

"Sema tena, mama yako hajasikia."

"Unateleza kama sabuni!"

"Haya. Sasa shika haya makopo mawili. Moja lina udongo wenu, jingine la mchanga. Lipi jepesi?"

"La kwetu. Na limelowa zaidi, shangazi!"

"Ndiyo tabia yake. Mwepesi, lakini unabeba maji mengi. Udongo huu umetokana na majivu."

Mama alicheka. "Majivu? Jalala langu la majivu liko kule."

"Si ya jikoni, dada. Ya mlima ule."

"Mlima ule? Haujawahi hata kukohoa!"

"Ulikohoa kabla bibi wa bibi yako hajazaliwa."

Mpimaji alitoa karatasi nyeupe iliyotiwa dawa. Aliweka udongo kidogo juu yake. "Msiguse, hii ni sumu," alisema, akadondosha tone la dawa nyingine. Karatasi ikawa nyekundu. Mama alisogea karibu.

"Mnaona? Udongo mweusi si wa aina moja. Kuna ule wa mbugani unaopasuka wakati wa kiangazi. Nao ni mweusi, lakini ni mfinyanzi mzito. Na kuna udongo mwingine haujatoka kwenye majivu, lakini una tabia kama za huu. Ndiyo maana hatuupi jina kwa rangi, wala kwa kuuona mlima. Tunaushika, tunaupima."

"Sasa huo wekundu unasema nini?" Mama aliuliza.

"Unasema udongo huu unakumbatia. Ile mbolea inayolisha mizizi, ukiitawanya hivi, kila chembe ya udongo inakamata yake. Haiachii. Maharage yanabaki na njaa."

"Kwa hiyo si mvivu?" niliuliza.

"Nani kasema mvivu?"

"Baba."

Mpimaji alitikisa kichwa. "Baba yako alijua kulima. Alifanya huku juu mambo ya bondeni, basi."

Akatueleza. Chimba shimo dogo. Weka samadi iliyooza, mkono mmoja. Weka mbolea, nusu kizibo cha soda. Funika kwa udongo kidogo, mbegu isiguse mbolea. Ndipo upande. "Na usilifagie shamba likabaki uchi. Tandaza majani makavu. Udongo huu ukikauka kabisa unakuwa vumbi, na kuupokeza maji tena ni kazi."

Mama aliitazama ndoo. "Mimi nitamwaga tu. Hapa kilichobaki cha mume wangu ni hii namna yake. Nikiiacha nayo..."

Hakumaliza. Nilisema nikiangalia chini.

"Mama, Baba alisema shamba likikubali. Hakusema likubali kwa namna yake."

Mama alinigeukia. "Leo umekula nini wewe?" Kisha akaweka ndoo chini. "Leta vizibo."

Ile sehemu iliyokwisha kumwagiwa mbolea tuliiacha vile vile, mistari mitatu karibu na mlango. Kwingine kote tulichimba mashimo. Magoti yaliuma. Mama alilalamika mpaka jua likazama, lakini hakuruka shimo hata moja.

Maharage yalitoka. Ile mistari mitatu ilidumaa kama zamani, majani madogo. Kwingine yalifika magotini, yakatoa maua, yakabeba maganda mpaka yakalala. Siku ya kuvuna, Mama alisimama pale anaposimama Baba, akanyoosha mgongo.

"Mwambie mjomba wako hatuhami," alisema. "Halafu mwandikie baba yako. Wewe andika, mimi nitaandika vibaya."

Nilichukua simu yake, nikaandika:

"Baba, shamba limekubali. Udongo si mvivu, ulikuwa unakumbatia mbolea. Sasa tunaweka shimoni na samadi. Nitakufundisha. Mabuti yako ni safi."

Mama alisoma mara mbili. Akaongeza maneno yake mwishoni: "Mlango ni ule ule." Akatuma mwenyewe.

Ujumbe ulifika, simu ilionyesha. Leo ni siku ya tisa. Maharage yameshakauka, yako kwenye magunia ukutani. Baba hajajibu.

Kesho ni Jumamosi.