Kisu Nilichokiacha Nyumbani Siku ya Mbenga

Saa kumi na dakika ishirini, alasiri ya Jumapili, kamba yangu ya kuvulia ilikatika katikati ya mto Lualaba. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu nilitazama kwanza saa yangu ya mkononi, kisha nikatazama uso wa mtu niliyekuwa naye mtumbwini. Laiti ningeitazama kamba tu!

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arobaini na tisa. Ninakaa Kasongo, natengeneza redio, simu na paneli za sola. Shule niliiacha darasa la sita, baba alipofariki. Mengine yote niliyatafuta mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kufungua vyombo vilivyokufa. Watu husema mimi ni mtu wa kupima, mtu asiyesadiki mpaka ahakikishe. Nilijivunia sifa hiyo... Leo inanichoma.

Mtu niliyekuwa naye mtumbwini ni Sumaili, mume wa dada yangu mdogo, Mwamini. Kazi yake ilikuwa kubeba watu na mizigo kwa pikipiki, kutoka Kasongo hadi Kabambare na kule Salamabila kwenye dhahabu. Pikipiki haikuwa yake. Kila wiki alipeleka malipo kwa mwenye pikipiki, na kilichobaki ndicho walichokula. Hata hivyo alikuwa mcheshi kuliko sisi sote.

"Shemeji, we unapima kila kitu," aliwahi kuniambia mezani. "Siku moja utapima na bugali mbele ya kukula!"

Aliyetuletea mchezo huu ni Bwana Juma, mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila. Alirudi safarini na fimbo ya kuvulia yenye gurudumu, akatusimulia kwamba huko pwani wako watu wanaovua papa kwa furaha tu. Wanapigana naye, wanampima, wanamwachia aende zake. "Sisi hatuna papa," akasema, "lakini tuko na mbenga."

Kwa asiyemjua, mbenga ni samaki mkubwa wa mto wetu, mwenye meno marefu yaliyo nje ya midomo, ya juu yakiingia katikati ya ya chini kama mtego wa chuma. Wavuvi wa kweli hawamtafuti. Anachana nyavu zao, wanamlaani, wanaendelea na kazi.

Sisi tulimtafuta. Kwa nini? Nitasema ukweli. Mara ya kwanza alipouma ndoana yangu, kamba iliimba mkononi kama nyuzi za gitaa. Aliruka juu, akakaa hewani, mwili mzima uking'aa kwa jua, akatikisa kichwa kwa hasira... Moyo wangu ulipiga kama wa kijana wa miaka ishirini! Mimi ambaye siku zangu zote zilipita nimeinama mezani juu ya waya! Tulimpandisha, tukampima, tukamwachia. Tulirudi nyumbani tukiimba.

Lakini watu walianza kututazama vibaya. Katika nchi yetu, mtu anayetoa nyama majini na kuirudisha majini si mtu wa kawaida. Anamlisha nani? Amemwahidi nani nini? Mama mmoja aliyeuza sombe, yale majani ya muhogo, pale kivukoni alinisimamisha mbele ya watu wote.

"Baba, ule samaki amekukosea nini? Unamutoa, unamupima, unamurudisha. Watoto wako wanakula mita?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo nilijua kuwa kila mtu pale kivukoni ananishuku, na ajabu ya shuku ni kwamba inaambukiza. Anayeshukiwa naye hujifunza kushuku.

Kisha Bwana Juma akaweka dau. Atakayefikisha ukingoni mbenga anayelingana na mtu mzima kutoka nyayo hadi kifuani, atachukua pikipiki yake nyekundu. Haikuwa mpya, lakini ilikuwa nzima. Makundi matatu yalijiandikisha, letu likiwa la mimi na Sumaili. Tulipatana hivi: tukishinda, pikipiki itakuwa yake, naye atanilipa sehemu yangu polepole. Hebu fikirini! Mtu aliyeendesha chombo cha wengine maisha yake yote, sasa angekuwa na chake.

Meno ya mbenga hukata nailoni yoyote. Kwa hiyo, kati ya ndoana na nailoni, nilifunga kipande cha waya wa chuma wa ile kable ya ambrayaji, yaani ya klachi, ya pikipiki, nikakichomelea kwa risasi kama ninavyochomelea redio. Urefu wake niliuhesabu uwe zaidi ya mara mbili ya kinywa cha mbenga. Hapo meno yasingefika kwenye nailoni. Hesabu ilikuwa safi.

Sasa rudini nami kwenye saa ile. Samaki mkubwa aliuma, mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwagusa. Mtumbwi uligeuka kama jani. Mara kamba ikalegea... Nikaivuta. Ilikuwa imekatika juu ya waya, kwenye nailoni, mahali ambapo kwa hesabu yangu meno hayafiki. Na mkato ulikuwa safi kabisa, kama wa wembe.

Nyuma yangu alikaa Sumaili. Chini ya kiti chake kilikaa kisu chetu, kama ilivyo desturi katika kila mtumbwi wa mto huu. Hakuna anayesukuma mtumbwi majini bila kisu.

"Pole, Shemeji," akasema. "Atarudi tu."

Kwa nini alisema pole haraka hivyo? Kwa nini hakukasirika kama mimi? Usingizi ulinipotea. Jumapili iliyofuata kamba ilikatika tena, mahali palepale, mkato uleule. Nilivichukua vipande vyote viwili, nikavitazama kwa lenzi yangu ya kazi. Uzi haukuwa umevutika wala kuchanika. Ulikuwa umekatwa. Kwangu mimi, kesi ilikwisha.

Sababu ya kunisaliti niliipata siku chache baadaye. Nilikwenda Lusangi kutengeneza paneli ya duka moja, na pale kando ya barabara nikamwona Sumaili amesimama na Bwana Juma. Walizungumza kwa sauti ya chini, vichwa karibu. Waliponiona... wakanyamaza! Sumaili akachezesha funguo za pikipiki mkononi.

"Shemeji! Na wewe uko huku?"

"Niko huku," nikamjibu. "Na nyinyi muko mu nini?"

"Hakuna kitu. Tunasalimiana."

Mtu anasalimiana kwa kunong'ona? Nikajumlisha: anakata kamba yangu ili Bwana Juma asiipoteze pikipiki yake, naye atamlipa pembeni, Sumaili asiwe na deni kwangu. Je, niliwahi kumwuliza? Hapana. Nilijiona mwerevu mno kuuliza. Mwizi akiulizwa si atakana?

Badala yake nilifanya kazi yangu ya kupima. Nilitafuta kable ndefu, nikaziunga, mpaka sehemu yote ya mwisho ya kamba ikawa chuma kitupu. Ncha ya pili, iliyobaki nailoni nene, niliifunga kwenye ubao wa kiti cha mtumbwi, isije ikaachiwa. Na asubuhi ya Jumapili ya tatu, kabla Sumaili hajaja, nilikitoa kisu chini ya kiti, nikakifunga katika sanduku langu la vyombo nyumbani. Nilijiambia: leo tutaona utakata na nini.

Ndugu wasomaji, nilikwenda mtoni na furaha ya mtu aliyetega mtego.

Mbenga aliuma jua likiwa bado halijawa kali. Hakuruka. Alizama moja kwa moja, na waya ukaanza kukimbia kati ya viganja vyangu. Nailoni huunguza, waya huchana. Ngozi ilitoka, nikapiga kelele, "Shika! Shemeji, shika!"

Sumaili hakusita hata kidogo. Alitupa kafi, akaruka mbele, akaudaka waya kwa mkono wa kulia. Samaki akageuka chini ya mtumbwi. Waya ukajizungusha kwenye mkono wake, mzunguko mmoja, wa pili... ukakaza. Upande mmoja ni samaki, upande mwingine ni ubao nilioufunga mwenyewe. Katikati ni vidole vya mume wa dada yangu!

"Kisu! Shemeji, kisu!"

Kwa mkono wa kushoto alikuwa akipapasa chini ya kiti, mahali pake pa siku zote. Akapapasa tena.

"Kisu iko wapi?"

"Nimekiacha nyumbani," nikasema.

"Sababu gani?"

Alinitazama, maji yakiingia mtumbwini, damu ikishuka mpaka kwenye kiwiko. Nikaona uso wake unabadilika, na si kwa maumivu. Alikuwa ameelewa.

Nilijaribu kufungua fundo. Halikufunguka. Mimi hufunga vizuri... Hiyo ndiyo kazi yangu! Niliuma nailoni kwa meno kama mwendawazimu. Wavushaji wawili waliokuwa wakivusha abiria walisikia kelele, wakaja wakipiga makafi. Panga lao halikuweza kukata chuma, kwa hiyo wakakata nailoni pale kwenye ubao wa kiti, kama kisu chetu kingefanya. Hapo tu waya ukalegea.

Walitukokota hadi ukingoni pamoja na samaki, ambaye naye alikuwa amekwisha nguvu. Yule mama wa sombe alikuwepo. Safari hii hakucheka. Alivua kitambaa chake cha kichwani, akakifunga kwenye mkono wa Sumaili, akasema polepole, "Mto umekula kipimo chake."

Sumaili alipelekwa hospitali kwa pikipiki, amekaa katikati ya watu wawili, mwenzake wa barabarani akiendesha. Daktari alijitahidi sana. Lakini vidole vinne vya mkono wa kulia havikuweza kuokolewa. Kimebaki kidole gumba peke yake. Mnajua mkono wa kulia hufanya nini kwenye pikipiki? Ndio unaotia mafuta. Ndio unaofunga breki.

Mwamini alikuja hospitalini na mtoto mgongoni. Huniita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Yaya, kila siku kisu iko chini ya kiti. Siku ile kilitembea na miguu?"

Ningeweza kudanganya. Nilimwambia yote, pale pale, mbele ya wagonjwa wengine. Aligeuza uso wake ukutani, na kwa miezi mingi sikuuona tena.

Samaki alipimwa. Alizidi kipimo cha dau. Wakamfungua tumbo, nami nikaitwa kutazama, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kitu cha chuma. Zilikuwa ndoana zangu mbili za Jumapili mbili zilizopita, zenye alama za risasi yangu, kila moja na waya wake wote... na juu ya waya, kipande kifupi cha nailoni.

Alikuwa amemeza! Hakuwa ameuma chambo kwa ncha ya meno kama nilivyohesabu. Alimeza ndoana, akameza na waya mzima, mpaka nailoni ikafika kinywani. Nilichukua uzi mfukoni, nikaupitisha kati ya meno ya yule samaki mfu, nikafunga taya kwa mikono yangu iliyofungwa bandeji. Uzi ukakatika. Mkato safi kabisa, kama wa wembe.

Niliketi chini kwenye mchanga.

Bwana Juma alitimiza ahadi. Alileta pikipiki nyekundu mpaka mlangoni kwa Mwamini, na ni Bwana Juma huyohuyo aliyenieleza habari ya Lusangi bila mimi kuuliza. Sumaili alikuwa amemwomba alifute dau. Alisema mchezo umekuwa mkubwa, samaki yule atamwua mmoja wetu, na shemeji yake halali tena usiku. Alimsihi asiniambie, kwa sababu aliogopa nitamwona mwoga.

Pikipiki ilisimama uani, ikang'aa, hakuna wa kuipanda. Mwishowe iliuzwa, na fedha yote iliyopatikana ikaishia kwenye dawa na kitanda cha hospitali. Leo Sumaili anauza petroli kwenye chupa kando ya barabara ya Kabambare. Anamimina kwa mkono wa kushoto. Wenzake wa zamani husimama kwake kununua, huwasha pikipiki zao na kuondoka, naye huwatazama mpaka vumbi linatulia.

Nilikwenda kwake kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri. Aliyasikiliza yote, kisha akasema, "Shemeji, ungeniuliza tu."

Halafu akanisogezea kiti. Sijui kama huo ni msamaha. Ninapita pale kila Jumapili, tunakaa, tunazungumza habari za barabara. Habari za mto hatuzizungumzi.

Nawasihi nyinyi mnaosoma haya. Kama mnapenda michezo ya hatari, mtoni, ziwani au baharini, ipendeni kwa akili, wala msifunge mwilini kitu ambacho hamwezi kukikata. Na kama moyo unakuambia kwamba mwenzako anakusaliti, mwulize kwanza. Mwulize waziwazi, hata kwa hasira, hata kwa aibu! Mimi nilikuwa na vipande vya uzi, nilikuwa na lenzi, nilikuwa na hesabu. Swali moja la mdomo sikuwa nalo.

Kisu kingali katika sanduku langu la vyombo. Sijakitumia tena. Nilikinunua sokoni Kasongo, kwa faranga elfu tatu; swali lingekuwa bure.