Kengele ya Sanduku Tupu

Jumatano ile Honorine alianza kazi kama siku zote. Alifika ofisini Rugenge, mjini Uvira, akafungua madirisha, akafuta vumbi kwenye kompyuta, akaketi kusubiri jenereta. Ulikuwa mwaka 1999, vita ya pili imepamba moto na mafuta ni ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo jenereta iliwashwa saa tano na kuzimwa saa saba mchana. Ofisi ilikuwa ya shirika dogo la kutafuta watu waliopotezana vitani. Barua zenye majina ya watoto walioonekana makambini zilikuja kwa redio na kuingia kwenye kompyuta hiyo, mashine ya Unix kubwa kama sanduku la nguo. Honorine alizisoma na kuwapelekea wenyewe.

Tuseme ukweli, hakuomba kazi ile kwa ajili ya watoto wa watu. Alikuwa akimtafuta wake. Bella, binti yake wa pekee, alipotea mwaka 1996 walipokuwa wakikimbia kutoka Runingu, akiwa na miaka sita. Honorine alikuwa amelala kifudifudi kwenye matete ya mto Ruzizi aliposikia nyuma yake, "Mama!" Mara tatu. Hakuitika. Bibi yake alimkanya tangu utotoni kwamba sauti inayokuita bila kumwona mwenyewe si ya kuitikia, kwa kuwa wapo wanaoazima sauti za wapendwa wako, na ukiitika umewapa ruhusa ya kuazima na yako. Isitoshe, askari walikuwa karibu. Kulipotulia alirudi nyuma kutafuta, hakukuta mtu. Kwa miaka mitatu alijiuliza ile sauti ilikuwa ya nani, na moyo wake ulijua jibu.

Pembeni ya kioo cha kompyuta palikuwa na picha ndogo ya sanduku la barua. Barua mpya ikiingia, kengele inalia mara moja na kibendera cha sanduku kinainuka. Ukiisoma, kibendera kinashuka. Jumatano hiyo, saa sita na dakika kumi mchana, kengele ililia mara tatu. Kibendera kikainuka. Honorine akafungua mbio mbio.

Sanduku lilikuwa tupu.

Alhamisi ikawa hivyo hivyo, na Ijumaa. Wewe ungesema ni ubovu wa mashine, ukaendelea kunywa chai yako. Honorine hakuweza. Kama barua zilikuwa zinaingia na kupotea, huenda mojawapo ilikuwa na jina la Bella.

Jumatatu alimwita Venant, fundi wa Kavimvira, mtu wa utani asiyejua kununa.

"Papa Venant, kengele inalia, kibendera kinapanda. Minye naingia, sanduku iko mutupu."

"Usilie, Mama Bella. Kale kabendera hakajue kusoma," Venant akacheka. "Kanaangalia tu saa. Kakiona sanduku iliguswa baada ya pale weye uliifungua mara ya mwisho, kanasema iko barua. Saa ikidanganya, nako kanadanganya."

Akafungua mashine, akakuta betri ndogo ya saa imekufa. Kila jenereta ilipowashwa, kompyuta ilidhani ni mwaka 1970. Akaweka betri mpya, akarekebisha saa. Kisha akasimamisha programu ya kutoa nakala, iliyokuwa na tabia ya kufungua sanduku kabla ya mwenyewe. Alifanya yote huku akipiga mluzi. Mwisho akaangalia ni lini sanduku liliguswa mara ya mwisho.

Mluzi ukakatika.

Honorine akainama kusoma. Ilikuwa tarehe yao ya kukimbia Runingu. Mwaka 1996, saa sita na dakika kumi.

"Mashine hii ilifika hapa mwaka jana," Venant alisema polepole.

Kengele ikalia. Mara tatu.

"Mama Bella," Venant akanong'ona, "hapana kuitika."

Akaandika amri fupi, biff, kisha n. Hiyo ndiyo amri ya taarifa za barua. Ukiweka n umezikataa. Ukiweka y umezikubali, na mistari ya kwanza ya barua itajitokeza pale pale unapoandika. Kwa watu waliozoea oui ya Kifaransa, y ilikuwa herufi ngeni kwa kusema ndiyo. Venant akakusanya vyombo vyake akaondoka bila kuaga.

Jumanne Honorine alikaa mbele ya kioo, peke yake. Jua kali nje. Jenereta inanguruma. Saa sita na dakika tano. Saa sita na dakika nane. Lakini ndani ya ofisi palikuwa kimya, na kimya kile alikifahamu. Ni kile cha matete.

"Sikuitikaka," alijisemea, machozi yakimtoka. "Aliniita, sikuitikaka."

Vidole vikaandika. biff. y.

Kengele.

Neno likajitokeza kwenye kioo. Mama.

Kengele.

Mama.

Kengele ya tatu.

Mama, ni weye?

Chini yake kimstari kilipepesa. Kinangoja.

"Bee, mwanangu!" Honorine alipiga kelele. "Minye niko hapa! Kuya!" Na kidole chake kikabonyeza y.

Kibendera kikashuka chenyewe, kama barua imesomwa. Jumatano kengele haikulia kabisa.

Alhamisi ililia mara moja. Barua ya kweli, ya kambi moja upande wa Kigoma, iliyoandikwa na mtumishi wa watoto aitwaye Célestine. Honorine aliisoma amesimama.

"Tunafunga faili la Bella wa Runingu, miaka tisa. Samahani hatukuwahi kuwaandikia. Alifika kwetu wiki mbili tu zilizopita. Kuanzia Jumatano ya wiki iliyopita, kila siku saa saba na dakika kumi, alikuwa akienda kwenye uzio na kuita 'Mama' mara tatu. Tulimzoea. Jumanne hii aliitikiwa."

Saa saba ya Tanzania. Uvira ni saa sita. Honorine akaendelea kusoma.

"Sote tulisikia. Sauti ilisema, Bee, mwanangu, minye niko hapa, kuya. Mama alikuwa amesimama nje ya uzio. Wanafanana sana, hatukuwa na shaka. Nguo zake zilikuwa zimelowa chapachapa na nywele zimejaa majani ya matete, tukadhani amevuka mto. Hakusema neno jingine. Mtoto alimkimbilia akicheka, wakaondoka wameshikana mikono."

Ulibaki mstari mmoja. Honorine hakutaka kuusoma. Akausoma.

"Kabla hawajaondoka tulimwomba aweke sahihi kwenye kitabu cha kukabidhi watoto. Aliandika herufi moja tu, ambayo hatuelewi maana yake, na mpaka leo wino wake haujakauka: y."